Kwa Ajili ya Ng'ombe wa Osoro

Osoro wa Ikonge alikuwa na ng'ombe mmoja tu wa maziwa, na ndiye aliyemsomeshea watoto. Asubuhi moja alikuta kichwa na ngozi vimetupwa katikati ya michai yake. Alikwenda polisi, akaambiwa gari halina mafuta. Akarudi, akajitwika kikapu, akaendelea kuchuma majani. Angefanya nini?

Jumatatu iliyofuata, akiwa kituo cha kununulia chai akisubiri majani yake yapimwe, vijana wa ulinzi wa kijiji walifika wakimburuta Ronny, mwana wa jirani yake Nyanchoka. Aliyewaongoza ni Machogu, mwendesha bodaboda.

"Mzee Osoro, mwizi wako huyu hapa. Jana kwao wamepika nyama. Wameitoa wapi?"

"Kula nyama si kuiba," Osoro akasema. "Mimi sikumwona mtu. Mpelekeni kwa chifu."

"Yule mwizi wa mbuzi si tulimpeleka? Kesho yake alikuwa hapa anatucheka!"

Watu wakaguna kukubali. Osoro aliwatazama. Ni watu aliokuwa akisali nao kila Sabato, na karibu kila mmoja wao alikuwa ameibiwa kitu.

"Tata," Ronny akamwita, kama watoto wa huko wanavyowaita baba zao, "waambie si mimi."

"Si yeye!" Osoro akapaza sauti, ingawa hakuwa na hakika.

"Anaogopa tu huyu mzee," mtu akasema.

Wakamsogeza kando taratibu, kama mtu anayeugua. Alipojaribu kupenya tena, mkewe Emily akamng'ang'ania koti. "Watakugeukia wewe!" Akabaki pale, akisikia marungu. Ronny aliita tena na tena, kisha akanyamaza.

Polisi walikuja, safari hii kwa gari. Waliuliza ni nani aliyeanza. Kila mtu alisema alikuwa kwingine. Osoro alimtazama Machogu, Machogu naye akamkazia macho, naye Osoro akajitwika kikapu bila kumtaja.

Baada ya mazishi alikwenda kwa Nyanchoka. Mama yule hakumkaribisha kuketi.

"Ile nyama aliniletea dada yangu kutoka Itumbe," alisema. "Hakuna aliyeniuliza."

 Osoro akaondoka.

Njiani Machogu alimpita, akasimamisha pikipiki.

"Mzee, sasa lala bila wasiwasi. Ukinunua ng'ombe mwingine, hakuna atakayemgusa."

"Asante," Osoro akasema, maana hakuwa na kijiji kingine cha kuhamia.