Haro kwa Mke wa Dereva

Mwaka ule kijiji chetu cha Qurus kilipopata trekta, dereva wake alikuwa Apolinari, mumewe Bertha. Trekta lilikuja na zana mbili: plau ya sahani tatu ya kupindua ardhi, na haro ya kusaga mabonge baada ya plau kupita. Bertha akavimba kichwa. Mimi jirani yake nilichoka kusikia "trekta letu, trekta letu."

Kisha siku moja akapita bondeni, kwenye shamba la Elieshi, mjane aliyehamia kutoka Kilimanjaro. Udongo ulikuwa laini kama unga wa ugali. Akainua macho kutazama lake, pale juu mteremkoni: limelimwa kwa plau tu, mabonge matupu.

"Baba Piusi, yule umempigia haro," alimwambia mumewe mbele yangu. "Mimi je?"

"Kwake tambarare. Kwetu ni mteremko, mama Piusi. Tukiusaga udongo, mvua itaubeba. Hayo mabonge ndiyo yanaushika."

"Mteremko! Sema umemchagua yeye."

Apolinari akanyamaza, na kwa mwanamke mwenye wivu hakuna jibu baya kuliko hilo. Tangu hapo Bertha alikula na wivu, akalala na wivu. Elieshi akimsalimu kisimani, yeye anasikia kejeli. Elieshi akicheka na wengine, yeye anajua anachekwa. Nilimwambia aache, akanitazama kama vile mimi ndiye Elieshi.

Mawingu yalipoanza kujikusanya juu ya msitu wa Ngorongoro, Bertha alichomoa pini inayounga haro na trekta, akaifukia kwenye debe la unga. Asubuhi Apolinari akahangaika uani, na watu wa kijiji jirani cha Ganako wanamsubiri.

"Pini utaipata," Bertha akasema, "ukianza na kwangu."

Akaanza na kwake. Alipita mara mbili, taya amezikaza. Bertha akapanda mahindi huku akiimba, kwa sauti ya kufika bondeni makusudi.

Mvua ya kwanza ilikuja kwa hasira. Ilipokatika, shamba la Bertha lilikuwa mifereji na mawe. Udongo ulikuwa umeshuka wote, pamoja na mbegu zake. Apolinari hakumlaumu. Alichukua jembe akaanza kuziba mifereji.

Wiki chache baadaye nilimkuta Bertha amesimama kwenye mpaka wa chini. Katikati ya maharage ya Elieshi yalikuwa yameota mahindi, ovyoovyo, yamenawiri kweli. Elieshi akaita kwa upole, "Karibu, mama Piusi. Haya ni yako, yakikomaa utakuja kuvuna."

Bertha alinigeukia mimi, machozi yanamlenga.

"Umeona?" akasema. "Hata mahindi yangu yamemfuata."