Siku Niliyoanguka na Mbuzi wa Ntheo

Hii aibu wanangu wamenikataza kuisimulia, lakini kwa kuwa Ndithini nzima inaijua tayari, heri muisikie kwangu mwenyewe kabla hamjaletewa ile iliyoongezwa chumvi.

Mimi ni mgonjwa wa presha. Anayenitibu ni Daktari Mwikali, binti wa jirani yangu hapa Kivaa, mtoto niliyemfundisha Sunday school akiwa hana meno ya mbele. Sasa mkojo ulipoanza kunisumbua (unakimbia chooni, unasimama pale weee, hakuna kitu, ukirudi kuketi unaitwa tena), niambieni, mtoto huyo ningemwelezaje? Nikaenda Machakos mjini kwa daktari asiyenijua. Akaniuliza, "Mzee, kuna dawa zingine unakunywa?" Nikaona nikitaja presha atauliza natibiwa wapi, kisha atampigia Mwikali simu, na mambo yangu yatakuwa nje. Nikasema, "Hapana." Akanipa vidonge, akanionya nianze kimoja usiku nikienda kulala.

Sikuanza usiku. Nilivitunza mpaka asubuhi ya ntheo, siku ya kupeleka mbuzi Ndithini kwa kina Ndinda, mchumba wa mwanangu Mutua, maana mbuzi wakipokewa msichana ni wenu. Nilitaka nisihangaike na choo mbele ya wakwe, kwa hivyo nikameza cha mkojo pamoja na cha presha, nikavaa suti, nikajiona mwerevu.

Mjue pia kwamba dada yake Ndinda aliolewa na mlevi, akarudishwa nyumbani mkono umevunjika. Mama yao alituambia waziwazi tulipoenda kujitambulisha: "Mlevi haingii tena kwa hii boma, hata akiwa ni baba ya kijana." Mutua pombe hata haonji. Mimi pia. Tulicheka.

Basi tukafika, tukaombewa ombi refu, jua likatuchoma, halafu nikaitwa nikabidhi mbuzi. Nikainuka upesi, kamba mkononi, nikasema, "Wakwe wetu wapendwa," na ulimi ukawa mzito, watu wakaanza kufifia, nikaiangukia meza ya vikombe, na yule mbuzi (ambaye hakuwa na presha) akachomoka mbio kwenye mahindi.

Nilipofumbua macho niko chini, suti imelowa chai, na nasikia mama wa Ndinda akisema, "Si niliwaambia? Amelewa asubuhi yote hii! Shikeni hiyo mbuzi muende nayo." Ndinda alikuwa analia. Mutua alinitazama mara moja tu, akageuza uso, na hilo liliniuma kuliko kuanguka.

Mwikali tulikuwa tumekuja naye kama jirani. Akaleta mashine ya presha kutoka kwa gari lake, akanifunga mkono, akakunja uso. "Iko chini sana. Baba, mbali na dawa yangu, umekunywa nini ingine?"

"Hakuna."

"Baba."

"Aseme tu alikunywa wapi!" mama wa Ndinda akafoka, na watu wameshaanza kukusanya viti.

Nikaona mwanangu anakosa mke kwa sababu ya mdomo wangu. Nikajiinua kwa kiwiko, nikasema kwa nguvu zote nilizobaki nazo, "Nimekunywa dawa ya mkojo! Mkojo unanisumbua!"

Waliokuwa wakikusanya viti wakavirudisha chini. Mwikali akatoa vile vidonge kwenye mfuko wangu wa koti, akavisoma, akamgeukia mama. "Mama, huyu hajalewa. Hii dawa pia inashusha presha. Imekutana na yangu, halafu akasimama haraka. Angeniambia, tungepanga vizuri." Wakaniinua miguu, wakaninywesha maji. Mama wa Ndinda akasema, "Mtu anasema hiyo mbele ya watu wote hawa, hadanganyi. Leteni mbuzi." Nilitokwa na machozi, sioni haya kusema.

Baadaye, wengine wakila, baba wa Ndinda akachutama kando ya mkeka wangu. "Mkwe," akanong'ona, "hiyo dawa ya mkojo... inasaidia? Hata mimi niko na hiyo shida."

Mwikali masikio yake ni ya daktari. Akauliza kwa upole, "Na wewe baba, kuna dawa zingine unakunywa?"

"Hapana," akajibu upesi, macho yakienda kwa mke wake.

Hiyo hapana niliijua. Nikamshika mguu wa suruali, nikakataa kumwachilia mpaka akataja ya presha, ya sukari, na nyingine ya mgongo aliyonunua sokoni Ekalakala.

Tangu siku hiyo nimeapa, daktari yeyote nimwendee na kiondo chenye dawa zangu zote, nimwage mezani kabla hajaniuliza. Na nikienda, kwanza nampigia mkwe. Tunaenda wawili, na viondo viwili.