Umri wa Dunia na Umri wa Wakesho

Siku niliyonusurika kukosa mke kwa sababu ya umri wa dunia naikumbuka vizuri, mwanangu. Nakusimulia kwa kuwa habari hunifikia hata mimi nisiyetoka nyumbani: vijana wa kanisa letu hapa Voi mmegombana kwenye grupu la WhatsApp, hawa wanasema dunia ina miaka elfu sita, wale wanasema mamilioni, na wewe umetoka kwa hasira. Hata kuaga hukuaga.

Mimi nilikuwa kijana kama wewe, nimemaliza kidato cha nne juzijuzi, na jiografia ndilo somo pekee nililoweza kujivunia. Tukapanda mlimani hadi kijiji cha Wusi kumposa Wakesho. Mjomba Mwadime ndiye aliyekuwa mshenga, na unajua kwetu mposaji hasemi, husemewa. Njiani mjomba akaniambia, "Kazi yako leo ni kutabasamu. Ukizidiwa, kohoa."

Ningekohoa, mwanangu. Lakini baba yake Wakesho alikuwa mzee wa kanisa, na katika maombi ya kutukaribisha akamshukuru Mungu kwa miaka elfu sita ya dunia, akaihesabu kutoka kwa Adamu, kizazi baada ya kizazi. Alipomaliza, badala ya amina mimi nikasema, "Mzee, hii milima yenu tu ina mamilioni."

Mjomba akakohoa yeye.

Basi tukaanza. Mzee akaleta kitabu cha Mwanzo, mimi nikaleta miamba. Akauliza mwalimu wangu wa jiografia anasali kanisa gani. Nikamuuliza kama Musa alisema zile siku sita za uumbaji zilikuwa za saa ngapi. Hapo akamgeukia mjomba.

"Anayemkosoa Mungu hesabu, kesho atanikosoa mimi hesabu ya mbuzi. Mrudishe kwao."

Wakati huo wote Wakesho alikuwa amesimama mlangoni na jagi na beseni, akingoja kutunawisha. Kimanga cha muhogo na maharagwe kilikuwa kinapoa mezani. Nyanya yake, aliyeketi pembeni, akauliza, "Nyinyi wenye hesabu, huyu msichana ana miaka mingapi?"

Mzee akasema ishirini. Mimi nikasema ishirini na tatu. Tulijibu kwa pamoja, na kwa uhakika uleule wa mwanzo.

"Wote mmekosa," nyanya akasema. "Na huyu mnamwona, si kama dunia, ambayo nyote mliikuta tu."

Wakesho akarudi jikoni na jagi lake. Bila kunawa hakuna kula, na bila kula hakuna posa.

Mkwe kuingia jikoni kwa watu ni aibu, lakini nilikwenda. Nikasimama mlangoni, nikamuuliza kwa adabu alizaliwa lini. Nyuma yangu nikasikia mtu anapumua: mzee mwenyewe, naye kaja kusikia jibu.

"Songa kidogo," akaninong'oneza.

"Ishirini na moja," Wakesho akasema bila kugeuka. "Ni mwaka ule ng'ombe wako alianguka mtaroni, baba. Ng'ombe unamkumbuka?"

Alimkumbuka, mpaka rangi. Akaanza kucheka, nami nikathubutu kucheka, na Wakesho akalishika jagi tena. Tukanawa kwenye beseni moja, tukala kimanga baridi, na mjomba hatimaye akapata nafasi ya kusema. Kuhusu dunia hatukukubaliana na mzee yule mpaka tulipomzika. Kila Krismasi tulibishana, kwa raha zetu.

Kwa hivyo nakushauri, mwanangu: soma Biblia na usome vitabu vya shule, na ubishane upendavyo. Lakini usimfukuze mtu maishani mwako kwa jambo ambalo wewe na yeye hamkuliona. Kabla hujamsahihisha mtu, mjue. Yule dada uliyemwita mjinga kwenye grupu, mamake amelazwa wiki nzima sasa. Ulijua? Nenda ukawaone. Miamba itangoja, imeshazoea.

Na Mungu aliyeiweka milima hii, kwa muda anaoujua mwenyewe, akupe nyumba ya watu wanaobishana na bado wanaitana kula.