Kilichonishinda Wiki Hii

Maktaba ile ilikuwa na ghorofa mbili, vitabu elfu kumi na mbili na soketi moja inayofanya kazi. Soketi nyingine zilikuwapo, tena tisa, lakini hizo zilikuwa pambo la ukuta. Iliyokuwa hai ilikaa chini ya dirisha la chumba cha juu, nyuma ya kabati la magazeti ya zamani, na kila mwenye kompyuta mpakato mjini aliijua kama anavyoujua mlango wa kwao.

Karani wa maktaba mwanzoni hakuwapenda watu hao hata kidogo. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na sita, mwenye miwani inayoning'inia kifuani kwa uzi, na kazi yake kwa miaka mingi ilikuwa kugonga mihuri kwenye kadi za vitabu na kuwanunia wanaovichelewesha. Wale wa kompyuta walijibanza kwenye soketi tangu asubuhi, hawaazimi kitabu, hawafungui gazeti, wanabonyeza vitufe tu. Alikuwa akiwapita huku amebetua midomo.

Kilichombadilisha ni hasira. Siku moja mwanamume mmoja alimfuata mezani akamwuliza kama kuna kitabu cha kumfundisha kutuma ujumbe kwa simu za watu wengi kwa pamoja, maana jambo hilo lilimhangaisha miezi miwili. Kitabu hakikuwapo. Lakini asubuhi ileile mwanamke mwingine, aliyekaa kiti cha tatu kutoka kwa huyo mwanamume, alikuwa amejigamba mbele ya karani kwamba jambo hilohilo yeye alilimaliza tangu mwaka jana. Miezi miwili wamekaa chumba kimoja, wanapokezana soketi moja, na hata salamu hawajapeana!

"Nyie ni watu gani nyie?" akawafokea, yeye ambaye ndiye aliyebandika ukutani karatasi za kukataza kelele. "Mmekaa kama mnaosubiri kung'olewa meno. Wewe, mwambie mwenzako shida yako. Na wewe, acha maringo, msikilize."

Ndivyo Alhamisi ilivyoanza. Kila wiki, saa kumi na moja jioni, wasomaji wakishaondoka, karani alipanga viti ishirini chumba cha juu na kutoa mkobani ekstensheni ndefu yenye matundu sita, aliyoinyang'anya redio ya mumewe nyumbani. Hazikupita wiki mbili wakawa wanamwita Mama Ekstensheni. Alinuna siku ya kwanza, ya pili akaitika.

Lakini mikutano ile ya mwanzo, tusidanganyane, ilikuwa bure kabisa. Kila aliyesimama kujitambulisha alikuwa mkurugenzi mkuu. Wakurugenzi wakuu kumi na wanne katika chumba kimoja, na ukiwauliza wafanyakazi wao wako wapi, kila mmoja anajigusa kifua. Walipeana kadi zenye majina ya kampuni, wakaambiana "tutawasiliana", wakashuka ngazi, na mambo yakaishia hapohapo. Mama Ekstensheni alivumilia Alhamisi tatu. Ya nne akasimama mlangoni na rundo la kadi tupu za vitabu, zile za zamani ambazo maktaba ilikuwa inataka kuzitupa.

"Vyeo viacheni chini kwenye ngazi, mtavichukua mkiondoka," akasema. "Hapa mtu anasema kitu kimoja tu: kilichomshinda wiki hii. Nitakiandika kwenye kadi. Na anayenyoosha mkono kusaidia asituambie tutawasiliana. Aseme atafanya nini, na lini."

Nani atasema ameshindwa mbele ya washindani wake? Aliyefungua njia hakuwa mtu wa kompyuta hata kidogo. Alikuwa fundi cherehani aliyepanda kurudisha kitabu, akasimama kwenye kizingiti kusikiliza kinachoendelea.

"Mimi nimeshindwa na vipimo," akasema fundi. "Naviandika kwenye vikaratasi, vikaratasi vinapotea. Juzi suti ya bwana harusi nimeikata kwa vipimo vya mtu mwingine. Suruali imemkomea magotini."

Walicheka mpaka kabati la magazeti likatikisika. Kisha mkono mmoja ukanyooka nyuma kabisa. Ulikuwa wa muuguzi aliyeacha kazi ya wodini akajifunza kuandika programu peke yake, na ambaye alikuwa amekaa kwenye chumba kile miezi minane bila mtu kuisikia sauti yake. Walishambatiza Kimya.

"Nitakuja kwenye karakana yako Jumamosi, saa tatu asubuhi," akasema Kimya, akakaa.

Na akaenda. Mwaka haukuisha programu yake ya vipimo ilikuwa kwenye simu za mafundi cherehani kumi na mmoja, na Kimya alikuwa na wafanyakazi wawili wa kweli, si wa kujigusa kifua. Siku alipokuja kutangaza, Mama Ekstensheni aliitafuta kadi ya fundi, akaigonga ule muhuri mkubwa wa KIMERUDISHWA, na watu wakapiga makofi. Tangu hapo ikawa desturi. Shida ikiisha, kadi inagongwa muhuri.

Ikawa miaka sita. Viti ishirini vikawa sitini, vingine vya kuazima. Walikuja waandika programu, waokaji mikate, walimu, mtengeneza pampu za maji. Mama Ekstensheni hakujifunza kuandika hata mstari mmoja wa programu. Ila ukimwambia leo umeshindwa na nini, atakuambia nani alishindwa na hicho mwaka juzi na anakaa mtaa gani. Wako watu wanaofikiri hiyo si kazi. Ukitaka maoni yangu, ilikuwa kazi kuliko nyingi zenye mshahara.

Sasa, mwanzoni mwa mwezi mmoja, mkuu wa maktaba akamwita ofisini. Chumba cha juu kimetakiwa kigawanywe kiwe ofisi, akamwambia, na wala hakulisema kwa ubaya. Alhamisi ya mwisho ya mwezi ndiyo ingekuwa ya mwisho kabisa.

Mama Ekstensheni aliitikia kwa kichwa, akarudi mezani kwake, akagonga mihuri. Hakumwambia mtu. Wiki tatu nzima alitumia saa yake ya chakula cha mchana kuzunguka akibisha hodi: shuleni, kwenye hoteli, kwenye ghala la mbao. Mwalimu mkuu alisema ukumbi una mitihani. Wa hoteli alimwuliza wageni wake watakunywa nini, akamjibu watakunywa maji, na mazungumzo yakaishia hapo. Na kila Alhamisi alisimama mbele ya watu, akacheka, akaandika kadi zao.

Ni mumewe tu aliyejua, dereva mstaafu mwenye ulimi mrefu, anayedai mpaka leo kwamba ekstensheni ile ni yake.

"Mganga hajigangi nimesikia, lakini wewe umezidi, mke wangu," akamwambia wakiwa mezani. "Unauliza watu sitini kila wiki wameshindwa na nini. Kadi yako wewe iko wapi?"

"Mimi ni mwenyeji."

"Kwani mwenyeji hashindwi?"

"Wakisikia chumba hakipo watatawanyika. Siku hizi umeme wanao makwao. Kila mtu atabaki na soketi yake."

Mumewe akamtazama, mzaha ukamtoka usoni. Alikuwa amelisikia lililo chini ya maneno hayo. Mkewe hakuwa akiogopa kukosa chumba. Alikuwa akiogopa kujua kwamba miaka sita yote watu walikuwa wanaufuata umeme.

"Mficha uchi hazai," akasema taratibu. "Waambie."

Alhamisi ya mwisho ilifika, na yeye bado alikuwa na mpango wa kutosema. Angewaaga kama kawaida, kisha angebandika karatasi mlangoni, basi. Zamu ikazunguka chumba. Mwokaji mikate alikuwa ameshindwa na tanuri, mwalimu ameshindwa na wazazi. Ilipoisha, akafunga sanduku la kadi.

"Bado mmoja," ikasema sauti kutoka nyuma. Alikuwa Kimya, mwenye kusema neno moja kwa mwezi. Aliinuka akaja mbele, akachukua kadi tupu na kalamu. "Wiki tatu sasa unacheka na mdomo tu. Sema, mama. Mimi naandika."

Mama Ekstensheni akavua miwani. "Nimeshindwa kuwatafutia chumba," akasema. "Hiki kinachukuliwa. Leo ndiyo mwisho. Nimezunguka kote, nimeona aibu kuwaambia."

Hakuna aliyenyoosha mkono. Akahesabu moyoni mpaka saba, na kwa kila namba aliona anazidi kuzama. Kumbe walikuwa wanafikiri, maana sheria ilikuwa yake mwenyewe: usinyooshe mkono kama hujui utafanya nini na lini.

"Dada," akasema fundi cherehani, mkono juu, "ukumbi sina. Nina karakana yenye meza ndefu na mabenchi mawili. Alhamisi ijayo, saa kumi na moja. Tutabanana."

"Ya pili yake njooni kwangu," akadakia mwokaji. "Kuna joto, nawaambia mapema."

"Mimi nitawapa taarifa watu wote usiku wa leo," akasema Kimya, bila kuacha kuandika.

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," fundi akaongeza, akionekana kuridhika sana na nafsi yake. Mama Ekstensheni akaanza kupanga viti visivyohitaji kupangwa.

Alhamisi iliyofuata alichelewa. Chumba cha juu kilikuwa kinahamishwa, na magazeti ya zamani hayawezi kushushwa ngazi na mtu mwenye haraka. Alifika kwa fundi saa kumi na moja na nusu, vumbi mpaka nyusi, ekstensheni mkobani. Kutoka barabarani alisikia vicheko. Walikuwa wameshaanza.

Alitaka kufurahi, na kweli alifurahi, lakini pia ilimuuma. Katika miaka sita hawakuwahi kuanza bila yeye. Alichungulia dirishani. Kila cherehani ilikuwa na soketi yake, cherehani sita, soketi sita, na kompyuta zilikuwa zimechomekwa zote. Hakuna aliyekuwa anahitaji waya wake. Akasimama pale nje mkoba kwapani, mkono ukienda kwenye mlango na kurudi.

Mwishowe akaingia. Karibu na mlango alikaa mwanamke kijana ambaye hakuwahi kumwona, na ambaye ni dhahiri naye hakuwa akimjua. Akajisogeza kwenye benchi, akampa kadi tupu.

"Karibu, mama. Usiogope, hapa vyeo hatutaji," akamnong'oneza kwa upole wa mwenyeji. "Zamu ikikufikia unasema tu kilichokushinda wiki hii."

Upande wa pili wa meza fundi alifungua mdomo kumtambulisha. Mama Ekstensheni akamkata jicho, naye akaufunga. Kimya aliinamia kompyuta yake kuficha kicheko. Zamu ikaja, ikamfikia.

"Mimi," akasema, akaishika kadi kwa mikono miwili. "Mimi nimezoea kuwafungulia watu mlango. Leo nimeshindwa kuingia. Nimesimama hapo nje dakika tano nzima, nimeshindwa kubisha hodi."

Wale wa zamani hawakucheka tena. Yule mwanamke kijana akanyoosha mkono.

"Hilo naliweza," akasema. "Alhamisi ijayo, saa kumi na moja kasorobo, nitakusubiri mlangoni kwa mwokaji. Tutaingia wote."

Mama Ekstensheni akaandika kwenye kadi kwa mwandiko wake wa maktaba: nini, na lini. Kisha akauweka mkoba chini ya benchi, na zamu ikaenda kwa aliyefuata.