Herufi Nane za Mama

Mama yangu, Khamisa, alijua kuweka siri. Zake mwenyewe, nasema; za majirani zilitoka kabla chai haijapoa.

Mwaka 1996 alikuwa akishona sare za shule pale mtaani kwetu Kiuu kwa cherehani ya kuazima, na amechoka kuazima. Mjane mmoja wa Kamenu, Thika, aitwaye Gathoni, alikuwa anauza ya marehemu mumewe, na alikubali kumngojea mama mpaka mwisho wa mwezi tu. Mjomba Zaid, dereva wa lori kule Muscat, akaahidi kutuma pesa benki kwa benki. Alitaka vitu viwili: namba ya akaunti, na herufi nane za kuitambulisha benki ya mama.

Simu yetu ilikuwa ya bucha la Macharia. Ploti nzima, wapangaji wote, tulipigiwa hapo Jumapili, tukipanga foleni kando ya matumbo. Mjomba alipopiga, mama aliitangaza namba ya akaunti kama anayeita mbuzi, mara tatu. Kisha akajifunika leso gubigubi, yeye na simu, akanong'ona zile herufi.

"Sikusikii!" mjomba akapiga kelele, mpaka sisi tukamsikia.

"Vizuri," mama akajibu, akakata.

Wiki mbili zikapita, pesa hakuna. Mama akaniburuta mpaka benki, Thika, akitaka kujua nani amezila. Karani, msichana aitwaye Nelima, alicheka mpaka akavua miwani.

"Mama, hizi letters si zako. Nne za kwanza ni za benki, mbili za nchi, mbili za mji. Kila customer wetu ako nazo."

"Hata Macharia wa bucha?"

"Kama ako na akaunti hapa, hata yeye. Ya kuficha ni account number. Hujaambia watu, sivyo?"

Mama akatazama dari. Mimi nilitamani sakafu inimeze.

Jumapili ya mwisho kabla ya siku za Gathoni kwisha, mjomba akapiga. Mama alizipaaza herufi zote nane, mjomba akaandika. Halafu akauliza tena namba ya akaunti. Karatasi yake ya kwanza, alisema, ilifuliwa pamoja na shati.

Mama akapekua leso, akapekua hata viatu. Kitabu cha benki alikuwa amekificha nyumbani ndani ya gunia la mahindi, na dakika za mjomba zilikuwa zinaisha. Akageuka kutuangalia, macho yamejaa machozi. Aibu yangu yote ikaisha, nikamhurumia sana.

"Zero, moja, tano..." Macharia akaanza, huku anakata mbavu.

Foleni nzima ikadakia, ikaimaliza namba bila kukosea. Mama akauinua mkonga wa simu juu ili mjomba asikie vizuri.

Pesa ziliingia Alhamisi. Ijumaa mama akanunua cherehani, akafunga ile akaunti, akafungua nyingine. Namba yake mpaka leo hata mimi siijui.