Betri za Bungu

Nilisoma mpaka darasa la nne, basi. Soko huria lilipoingia nilikuwa nauza mihogo ya kuchemsha kwenye mabasi pale Mkata, na kutoka kwenye sinia lile nikafika kuwa na duka la intaneti Korogwe na jingine Chanika, Handeni mjini. Sikupewa na mtu. Nasema hivi kwa sababu wenye shahada zao waliokuja kusoma barua pepe kwangu walikuwa wananiuliza mwenye duka yuko wapi, na mimi nimekaa mbele yao.

Dishi la kupokea intaneti lilikuwa Korogwe. Kutoka pale mawimbi yanapanda hadi antena niliyoisimamisha kilimani Bungu, yenye paneli ya jua na betri zake, halafu yanateremka hadi Chanika. Duka la Chanika lilisimama kwa nguvu ya mteja mmoja, ofisi ya mradi wa maji. Wengine walikuwa wapita njia. Mkuu wa ofisi ile, mama mmoja mwenye sauti ya upole, aliniita baada ya mtandao kukatika na kukatika.

"Mzee, sikulaumu mtandao ukikatika. Kilima ni kilima. Ninachotaka uniambie kabla, nitume taarifa zangu mapema au nimpandishe mtu basi la Tanga. Nikijua mimi kabla yako tena, tunahama."

Nikamwita fundi kutoka Tanga. Akafunga kompyuta kuukuu pale Korogwe, kazi yake ni kuuliza kila kifaa kama kiko hai, kina joto kiasi gani, kimebeba mzigo gani, betri ina nguvu gani. Kikijibu vibaya au kikinyamaza, ujumbe unaingia kwenye simu yangu. Siku za kwanza simu ililia mpaka mke wangu akaifungia kwenye kabati la vyombo. Joto limepanda. Joto limeshuka. Mzigo umezidi. Mzigo umepungua.

"Mashine yako ina kiherehere," nikamwambia fundi.

"Si ulisema unataka kujua kila kitu, mzee?"

"Nilisema. Sasa nimechoka. Iniambie kifaa kikinyamaza na betri ikishuka. Tena kwa Kiswahili."

Akaweka hivyo. Lakini ujumbe hauna macho. Kule Bungu kulikuwa na mama wa Kisambaa ambaye shamba lake la maharage lilipakana na antena. Ujumbe ukiingia nampigia, anakwenda kufungua kasha la betri, ananieleza alichokiona. Mimi Mzigua, yeye Msambaa, ni watani, kwa hiyo hakuwahi kunijibu kama watu wanavyojibiwa.

"Imekufa, Mzigua we. Lete sanda."

"Taa ya kijani inawaka?"

"Inawaka. Marehemu anakukodolea macho."

Hivyo ndivyo nilivyojua kuwa mambo ni mazima. Msimu mzima wa mvua tulikwenda hivyo, na ofisi ya maji ikatulia.

Asubuhi moja ukaja ujumbe kwamba betri ya Bungu imeshuka. Sijamaliza kuvaa viatu, ukaja mwingine, betri iko sawa. Nikampigia mama wa Bungu hata hivyo. Siku hiyo alinisalimia vizuri, akamuulizia mke wangu, akayaulizia na magoti yangu. Kisha akasema, "Baba, huku kuna hali kidogo. Ukipata nafasi uje. Usikimbie."

Nilishukuru kwamba leo hajanipotezea muda na utani wake. Nikampigia mama wa ofisi ya maji, nikamwambia kulikuwa na wasiwasi, sasa shwari. Akasema basi, taarifa zake atazituma mchana.

Mchana ukungu ukashuka Bungu, kifaa kikanyamaza. Chanika wakabaki wanatazama kioo.

Nilipanda na gari la mboga. Nilimkuta mama wa Bungu amekaa kwenye tuta, khanga begani. Betri zote zilikuwa zimevimba, moja imepasuka ubavuni na maji yake yanakula mbao za kasha. Zilikuwa zinakata roho tangu usiku. Jua la asubuhi lilipopiga paneli, antena ikawa inaishi kwa jua peke yake, na kompyuta ya Korogwe ikadhani mgonjwa kapona. Ukungu ulipoziba jua, ikawa ndiyo basi.

"Kwa nini hukuniambia zimekufa?"

"Siku zote nakwambia zimekufa."

"Siku hizo zilikuwa nzima."

"Ndiyo maana. Sasa zimekufa kweli, nikutangazie kwa kicheko? Umekulia wapi wewe? Mtu anapigiwa simu akaambiwa msiba hivi hivi, hata hajakaa?"

Kwetu bondeni na kwao mlimani, habari ya kifo haitupwi mbele ya mtu. Unamwambia mgonjwa kazidiwa, njoo, usikimbie. Hata mimi nimewapelekea watu habari hivyo. Kwamba angeipa betri heshima hiyo, kichwa changu hakikufika huko.

Nikampigia mama wa ofisi bila kuzunguka. "Betri zimekufa zote. Mpya ziko Tanga, si leo wala kesho. Mpandishe mtu basi."

"Mabasi ya Tanga yameshapita, mzee. Asubuhi ulisema shwari."

"Nilisema."

"Hivi unavyonieleza sasa ndivyo nilivyotaka. Lakini watu wa kampuni nyingine, wenye dishi lao, wako hapa ofisini, nimeshawaambia wafunge."

"Wafunge, mama. Kazi yako haiwezi kunisubiri mimi."

Nilikaa kwenye tuta. Bila ofisi ile, Chanika haikuwa na haja ya antena, nami sikuwa na miguu ya kuanza tena kutafuta mteja. Nikaomba spana.

"Unaishusha kweli?" mama wa Bungu akauliza.

"Naishusha."

Akanishikia ngazi. Nati zilikuwa na kutu, zikatuchelewesha. Wakati wa kuipandisha kilimani niliibeba antena ile peke yangu, begani. Kuteremka tuliibeba wawili, yeye mbele, na tulipumzika kila kona.