Kadi ya Kipa na Plastiki ya Moto

Nauza kadi za picha za wachezaji wa mpira kwenye soko la Jumapili hapa mtaani Malvern, na nilijiona mtaalamu. Mzee mmoja mkusanyaji wa kadi za zamani aliipenda kadi yangu kuukuu ya kipa. "Niwekee hadi Jumapili ijayo," akasema. "Itunze, isipate hata mkunjo."

Kadi hiyo ndiyo ingemnunulia viatu vya shule mdogo wangu Neema, ninayemlea tangu wazazi wetu wafariki. Basi nikaitunza kama tunavyotunza karatasi zetu za ukimbizi: niliipeleka mjini, ikabanwa ndani ya plastiki kwa mashine ya moto.

"Kaka, una hakika?" Neema aliuliza.

"Shule niliacha mapema, lakini karatasi nazijua."

Jumapili nilimkabidhi mzee kwa mikono miwili. "Sasa hata mvua haiiwezi, baba."

Akaikwaruza pembeni kwa ukucha. "Eish. Sisi wakusanyaji twaitaka kadi kama ilivyotoka kiwandani; iliyobanwa hivi hainunuliwi na mtu. Unaweza kuitoa?"

Nikadhani ananipima. "Haitoki," nikajibu kwa fahari. "Hiyo ni ya maisha."

Akairudisha mezani taratibu. "Basi ni yako wewe, kijana, maisha yote."

Neema alikuwa kando yangu, amevaa kandambili.